Kabla ya Kufungua Sanduku: Tableti ya Masomo Ipimwe Kwanza



Juma hili tunajibu swali ambalo vikundi vingi vimetuletea tangu masomo yafunguliwe. Swali ni hili: "Tuko na makuta kidogo katika sanduku. Watu wanapita wakiuza tableti na telefoni zenye programu za kufundisha watoto. Wanasema mtoto atajua kusoma upesi. Tununue, ao tuache?"

Swali hili si dogo. Tangu Septemba 2019, serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za serikali ni bila malipo, madarasa yamejaa. Mwalimu mmoja mwenye umati wa watoto mbele yake hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Mtoto anakaa nyuma, ananakili ubao, anarudi nyumbani na daftari safi. Mama anafurahi kuona maandishi. Lakini ukimfunika ubao na kumwomba asome neno moja peke yake, ananyamaza. Hivyo anapita mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka wa nne unafika, Kifaransa kinazidi, naye anaanza kurudia madarasa. Mara nyingi msichana ndiye wa kwanza kubakizwa nyumbani ili asaidie kwenye soko ao kulea wadogo, kwa sababu watu wanasema, "Huyu masomo hayamwingii."

Basi mtu akija na kioo kinachowaka akasema kitamfundisha mtoto huyo kusoma, moyo wa mama unaruka. Ndiyo maana tunataka tuseme neno letu kabla makuta hayajatoka.

Neno letu ni hili: tableti yenyewe haifundishi. Kinachofundisha ni programu iliyo ndani, na namna ilivyotengenezwa. Programu mbili zinaweza kukaa katika tableti moja, moja ikamfundisha mtoto, ingine ikampotezea wakati tu. Tena si lazima uwe fundi wa mashine ili uzitofautishe. Mama yeyote anaweza kuipima programu kwa siku moja ao mbili, akiwa na mtoto wake kando.

Mambo yaliyotokea mahali pengine

Tuanze Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu kule jambo hili lilijaribiwa kwa lugha yetu ya Kiswahili. Mwaka 2014, shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la dola milioni 15. Liliwaita mafundi wa dunia nzima watengeneze programu ambayo mtoto asiyekwenda shule anaweza kuitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano zilifika mwisho. Programu zao zilipelekwa katika mkoa wa Tanga, kwenye vijiji karibu 170, kwa watoto wapata 3,000. UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali ya Tanzania walisimamia kazi. Vijijini waliweka vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua, na wamama wa mahali walipewa kazi ya kuvitunza.

Kabla ya kuanza, watoto walipimwa. Watoto 74 katika kila 100 hawakuwa wamekwenda shule hata siku moja. Zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, hesabu ya wale wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu.

Tusimame hapo kidogo. Nusu ni jambo kubwa kwa watoto wasio na mwalimu. Lakini inaonyesha pia kwamba wengi hawakufika, hata kwa programu zilizotengenezwa na mafundi wakubwa kwa mamilioni ya dola. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwamba kila mtoto atasoma kwa mwezi mmoja, jua anauza maneno.

Mwezi wa Mei 2019 timu mbili ziligawana ushindi. Moja ni onebillion ya Uingereza. Ingine ni Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni ya Enuma. Mwanzilishi mmoja wa Enuma ni mama, Sooinn Lee, mzaliwa wa Korea. Yeye na mume wake walikuwa wakitengeneza michezo ya kompyuta. Mtoto wao alizaliwa na ulemavu, wakaona kwamba programu nyingi za kufundishia hazikumfaa. Hapo ndipo walianza kutengeneza zao, zenye hatua ndogo ndogo ambazo mtoto wa namna hiyo angeziweza. Programu iliyofikiriwa kwa ajili ya mtoto mwenye shida ikawafaa pia watoto wa vijijini ambao hawakuwa wameshika kalamu.

Sasa tazameni upande mwingine. Nchi ya Peru, kule Amerika ya Kusini, iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule. Watafiti walizifuatilia shule 319, wakatoa matokeo mwaka 2012. Kompyuta zilifika, watoto walizitumia, lakini alama zao za hesabu na za lugha hazikupanda. Mashine ilikuwapo. Mpango wa kumfundisha mtoto hatua kwa hatua ndio uliokosekana.

Ushahidi wa tatu unatoka Malawi. Katika shule moja ya msingi, watafiti waliwagawa watoto makundi matatu. Kundi moja lilipata tableti zenye programu ya hesabu ya onebillion kwa lugha yao ya Chichewa. La pili lilipata tableti zilezile, lakini zenye programu zingine zisizo za hesabu. La tatu liliendelea na mwalimu kama kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Katika darasa la pili na la tatu, watoto wa kundi la kwanza waliwapita wenzao wote katika hesabu. Wale waliopewa tableti bila programu ya hesabu hawakupata faida hiyo, ingawa nao walishika kioo kilekile kinachowaka.

Ndiyo sababu tunasema: usiulize kwanza bei ya tableti wala ukubwa wa kioo chake. Uliza mna nini ndani, na kazi yake inafanyika namna gani.

Programu nzuri inafanya nini

Tumezipanga alama tano. Ukizishika hizi, hutadanganywa na picha za rangi.

Ya kwanza: mtoto anafanya kazi, hatazami tu. Programu nyingi ni kama sinema. Wanyama wanaimba, herufi zinacheza, mtoto anacheka, na mama anafikiri anajifunza. Lakini kutazama mtu akipika bukari hakukufundishi kuusonga. Mtoto anajifunza anapotafuta jibu kichwani mwake na kulitoa mwenyewe. Jambo hili lilipimwa Marekani na watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliotoa matokeo mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kipande cha maandishi. Wengine walikisoma tena na tena, wengine waliambiwa wafunike na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojiuliza na kuandika wakawapita wenzao mbali. Basi kusoma tena kunampa mtoto hisia ya kujua, lakini kuulizwa ndiko kunakoweka jambo ndani.

Ya pili: kosa linajibiwa palepale, kwa heshima, na kwa maelezo. Kama mtoto ameandika 7 mahali pa 8, programu mbaya inapiga kengele na kuonyesha alama nyekundu, halafu inapita. Mtoto hajui alikosea wapi, basi anaanza kubahatisha. Programu nzuri inamrudisha nyuma hatua moja: inamwonyesha maembe manne na mengine manne, wanahesabu pamoja, halafu inamuuliza tena. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumfanyia kila mmoja hivyo. Hapo ndipo mashine inapomsaidia mwalimu kweli.

Ya tatu: inaanza mahali mtoto alipo, si mahali darasa lake lilipo. Mtoto wa mwaka wa nne asiyejua herufi hatapata faida kwa somo la mwaka wa nne. Kule Delhi, nchini India, kulikuwa na programu inaitwa Mindspark, iliyotumiwa na wanafunzi wa mwaka wa sita mpaka wa tisa. Wengi wao walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Programu ilimpima kila mmoja kwanza, ikampa kazi ya kiasi chake. Kwa miezi minne na nusu tu walisonga mbele sana katika hesabu na katika lugha ya Kihindi, na waliokuwa dhaifu nao walipanda. Lakini tusisahau: katika vituo hivyo mtoto alitumia nusu ya wakati na programu, na nusu ingine alikaa katika kundi dogo na mtu mzima aliyemsaidia.

Ya nne: inarudia ya zamani. Mtoto aliyejifunza herufi "m" Jumatatu, programu nzuri inamuuliza tena Jumatano, na juma lijalo, ikiichanganya na zingine. Programu mbaya inafunga somo, inatoa nyota tano, na haimuulizi tena. Wamama tunajua: shamba linalopaliliwa mara moja tu, majani yanalishinda.

Ya tano: inasema lugha ambayo mtoto anaifahamu. Hapa tukae kidogo, kwa sababu kwa Kamina jambo hili ni zito.

Lugha ya nyumbani, ya soko na ya darasa

Mtoto wetu anaamka na Kiluba, anakwenda sokoni na Kiswahili, anaingia darasani anakuta Kifaransa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zitumiwe kufundishia, na maana yake inaeleweka: mtoto anajifunza kwanza kwamba herufi zinabeba sauti ya maneno anayoyajua. Akiisha kushika siri hiyo kwa Kiluba ao kwa Kiswahili, ataipeleka kwenye Kifaransa. Lakini ukimpa siri ya herufi pamoja na lugha ngeni kwa siku moja, unamtwisha mizigo miwili kichwani.

Programu nyingi zinazouzwa hapa kwetu zilitengenezwa kwa mtoto wa Ulaya. Mtoto wa Ufaransa anajua Kifaransa kabla ya kujua kusoma. Programu inamwonyesha picha na kumwambia aandike herufi ya kwanza ya jina lake. Wetu anaona picha, anasema moyoni jina la Kiluba, anabonyeza herufi ya jina hilo, na anaambiwa amekosea. Amefikiri vizuri, lakini mashine inamhesabia ujinga. Kosa ni la programu.

Hata hesabu zina mtego. Mwalimu wa Kongo anafundisha septante kwa 70 na nonante kwa 90, kama tulivyopokea kwa Wabelgiji. Programu iliyotoka Ufaransa itasema soixante-dix na quatre-vingt-dix. Mtoto anaijua namba, ila hajawahi kusikia ikiitwa hivyo.

Na Kiswahili je? Programu za Tanzania ni nzuri, na zile tano zilizofika mwisho kule Tanga ziliachwa wazi ili mafundi wa nchi yoyote wazichukue na kuzitengeneza upya. Lakini mtoto wa Tanga anakula ugali na kisamvu, wetu anakula bukari na sombe. Mtu mzima atatambua haraka. Mtoto wa miaka saba anaweza kukwama. Si sababu ya kuikataa programu. Ni sababu ya kukaa karibu naye siku za kwanza na kumwambia, "Wao wanaita hivi, sisi tunaita hivi."

Namna ya kuipima

Muuzaji akija, mwambie: "Baba, tunakuheshimu, lakini tutaijaribu kwanza." Chagueni watoto watatu wa kikundi: mmoja anayejua, mmoja wa katikati, na mmoja anayepata shida. Halafu fanyeni haya:

1. Zimeni intaneti. Programu inayotaka intaneti kila siku itakula mega zenu mpaka sanduku liishe, na siku ambayo hakuna mtandao itakaa bure. Kuna programu zilizotengenezwa kusudi zifanye kazi bila mtandao. Moja ni Kolibri, ambayo inatolewa bure, na ndani yake mnaweza kuwekwa masomo ya lugha mbalimbali. Kama inawezekana kupata kitu bila malipo, kwa nini mlipe?

2. Koseeni kwa makusudi. Mwambieni mtoto atoe jibu baya mara tatu mfululizo. Tazameni programu inafanya nini. Inamweleza? Inampa kazi nyepesi zaidi? Ao inapiga kengele tu na kuendelea?

3. Hesabuni dakika tano. Ndani ya dakika hizo, mtoto amejibu mara ngapi kwa kidole ao kwa sauti? Akiwa amejibu mara moja ao mbili, na wakati mwingine wote ametazama, hiyo ni sinema.

4. Bonyezeni ovyo. Mtoto agonge kioo bila kusoma. Kama kwa kubahatisha hivyo anapewa nyota na kupandishwa, basi programu hiyo haipimi kitu.

5. Angalieni kama inawatofautisha watoto. Kikundi kina watoto wengi. Programu inaweza kuandika jina la kila mmoja na kukumbuka alipofika? Kama haiwezi, kila mtoto atakuta kazi ya mwenzake.

6. Fungeni tableti, mchukue kijiti na mchanga. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Mwambieni mtoto aandike chini, bila mashine, neno ao hesabu aliyofanya sasa hivi. Mwulizeni tena kesho yake. Kama anaweza kwenye kioo tu na hawezi kwenye mchanga, amejifunza kucheza na kioo.

Muuzaji mkweli atawaachia mfanye hivyo. Akikataa, akisema mnaharibu, ao akiwaharakisha kwa bei ya leo tu, mwaga mzuri, Baba, safari njema.

Hesabu ya wakati

Kuna hesabu ingine ambayo wauzaji hawaisemi. Tuseme kikundi kina tableti moja na watoto 20. Kila mtoto akipata nusu saa kwa siku, ni saa 10. Betri haitafika, na mtoto wa mwisho atakuwa amelala. Mkigawa kwa watoto sita kwa siku, ni saa 3. Hiyo inawezekana, kati ya kurudi masomoni na giza.

Basi fanyeni zamu kama mnavyofanya likelemba. Kila mtu anajua siku yake, hakuna anayeruka zamu ya mwenzake. Wekeni mama mmoja anayeshika daftari la zamu na kusimamia kuchaji, mwingine anayekaa karibu na watoto. Ulizeni pia mapema: nani atalipia kuchaji? Kioo kikivunjika, nani atatengeneza? Kama majibu hayapo, makuta yatalala kabatini pamoja na tableti.

Tena tunaomba jambo moja kwa sauti kubwa: zamu ya wasichana iandikwe na ilindwe. Mtoto wa kike anaporudi, kuna maji, kuna moto, kuna mdogo wa kubeba mgongoni. Akimaliza yote, kaka yake ameshamaliza betri. Kama daftari halina saa yake, tableti ya kikundi itakuwa tableti ya wavulana, hata kama makuta yametoka kwa wamama.

Mama asiyejua kusoma naye anafaa kukaa pale. Wengine wanaogopa, wanasema, "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Unaweza kumwambia mtoto, "Nieleze unachofanya." Akikueleza, anajifunza mara ya pili. Unaweza kumuuliza, "Kwa nini umechagua hiyo?" Unaweza kuona kwamba anabonyeza ovyo na kumtuliza. Na wamama kadhaa wanaweza kugundua kwamba herufi zinawaingia wao pia. Hilo si aibu, ni faida ya pili.

Kwa vijana wetu wa informatika

Tunajua gazeti hili linasomwa nyumbani na watoto wakubwa, wakiwemo wanaojifunza informatika katika vyuo vyetu vya Kamina. Wapendwa, kazi iko hapa. Hakuna mtu wa mbali atakayetengeneza programu ya mtoto wa Kamina kama nyinyi mnaosikia Kiluba nyumbani.

Lakini msianze na kompyuta. Anzeni kwa kukaa na mwalimu wa mwaka wa kwanza, muulize makosa ambayo watoto wanayarudia kila mwaka. Mwalimu anayajua. Programu nzuri inajengwa juu ya makosa hayo. Halafu chagueni jambo dogo moja, kwa mfano kujumlisha mpaka 20, ao silabi za kwanza za Kiluba. Lifanyeni vizuri kuliko kufanya mambo kumi vibaya. Pelekeni kwa mtoto mmoja, mkae nyuma yake, mfunge mdomo, mtazame kidole chake kinakwama wapi. Akikwama, msimlaumu mtoto. Rudini mkarekebishe. Iwe nyepesi ili ifanye kazi kwenye telefoni ya zamani, bila mtandao. Maelezo yatolewe kwa sauti, kwa sababu mtoto asiyejua kusoma hawezi kusoma maelezo. Na matangazo ya biashara yasikaribie somo la mtoto.

Vikundi vyetu viko tayari kuwapa kitu ambacho hakinunuliwi: watoto wa kujaribu nao, na wamama watakaosema ukweli.

Kama makuta hayapo

Wengi wenu mtasema, "Haya yote ni ya wenye makuta." Hapana. Zile alama tano zinatoka katika namna mtoto anavyojifunza, na namna hiyo ilikuwapo kabla ya umeme. Tunaweza kuanza leo:

Jioni, moto ukiwaka, usimuulize mtoto "Umesoma?" Atasema ndiyo. Mwambie, "Funga daftari, niambie mambo matatu mliyofundishwa leo." Kesho muulize la leo na moja la jana. Jumapili muulize moja la kila siku.

Akikosa, usimpige wala kumcheka. Mrudishe hatua moja nyuma, kwa punje za mahindi ao mawe madogo.

Katikeni vifuniko vya karatasi za boksi, andikeni silabi: ma, ba, ta, na, la. Mtoto azipange afanye maneno anayoyajua. Mwombeni mtoto wa mwaka wa sita awaandikie. Naye kwa kufundisha wadogo anajiandaa kwa mtihani wake wa mwisho.

Sokoni, mwache ahesabu makuta ya kurudisha mbele yako. Hiyo ni hesabu yenye jibu la palepale, kwa sababu mteja hatakubali apunjwe hata franka moja.

Kikundi kikifanya hivyo miezi miwili, halafu kikapata tableti yenye programu nzuri, watoto watakuwa tayari. Kikikosa tableti, watoto watakuwa wamesonga mbele vilevile.

Kwa hiyo, wamama, jibu la swali lenu: msinunue juma hili. Pimeni kwanza. Kila kikundi kilichopata mtu wa kuuza kifanye vile vipimo sita na watoto watatu, na kiandike kwenye karatasi kilichoona: jina la programu, lugha yake, kama inafanya kazi bila mtandao, na mtoto aliweza nini kwenye mchanga. Leteni karatasi hizo kwenye mkutano wetu wa mwisho wa mwezi. Tukiziweka pamoja, tutajua ni programu gani inastahili makuta yetu, na kama ni mbili ao tatu hivi vinavyoweza kununua pamoja kwa bei ya jumla. Kama hakuna inayostahili, sanduku litabaki limefungwa, na makuta yatanunua madaftari.

Juma lijalo tutaendelea na swali la mama mmoja wa kikundi cha wauza unga: namna ya kuzungumza na mwalimu juu ya mtoto anayebaki nyuma, bila kumvunjia mwalimu heshima na bila kumwaibisha mtoto. Mwenye maswali mengine ayalete kwa kiongozi wa kikundi chake.

Mubaki salama, na watoto wasome.